Dakika Tano za Shemeji

Wiki iliyopita niliwaacha nimeshika usukani wa basi lisilo na njia. Kwa yule aliyefungia sabuni gazeti lile kabla ya kulisoma, narudia kwa ufupi.

Nilikuwa dereva wa shirika la mabasi miaka kumi na tisa. Shirika likavunjwa, njia zikafunguliwa, na kila mwenye basi zima na ratiba iliyoandikishwa ofisini akaruhusiwa kubeba abiria. Mimi nikanunua basi moja, nikaliita Subira. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuwa kondakta wangu miaka kumi na mmoja, akanunua mawili.

Niliandikisha njia ya hospitali. Yeye akaandikisha njia hiyohiyo, dakika tano mbele yangu. Nikifika kituoni nakuta vumbi lake. Nikisogeza ratiba, naye anasogeza. Watu wakambandika jina la Dakika Tano, naye akalipenda, akalichora kwenye kioo cha mbele.

Kisha mama yao akafariki. Alikuwa ameugua miezi mitatu, na shemeji ndiye aliyekuwa akimpeleka kwa daktari kila wiki, peke yake, hataki msaada. Siku ya msiba aliniangukia begani akilia. Akaniomba basi langu libebe jeneza na waombolezaji Jumamosi, kwa kuwa lake moja lilikuwa limekufa giaboksi na la pili breki zilikuwa zimekamata.

Nikamwambia Jumamosi nina safari tatu, lazima ofisi ipewe taarifa kwa maandishi. Akanishika mkono. "Taarifa niachie mimi, shemeji. Wewe na kalamu hamjuani."

Ilikuwa kweli. Wakati huo nilikuwa sijui kusoma wala kuandika.

Tulimzika mama Jumamosi. Tukiwa bado makaburini, basi la giaboksi lilikuwa kituoni linapakia abiria wangu. Shemeji alisema baadaye kwamba fundi alilitengeneza ghafla. Nikasema moyoni, ajabu, siku tuliyomzika mama ndiyo siku gari lilipofufuka.

Jumatatu ofisi ikaniita. Aliyekosa safari tatu kwa siku moja bila taarifa, njia yake imefutwa. Hapo ndipo tulipoishia.

Sasa endelea nami.

Nilijiandikisha shule ya jioni nikiwa na miaka hamsini na miwili. Madawati yalikuwa ya watoto, magoti yangu yakagusana na kidevu. Mwalimu wetu alikuwa binti mwenye umri wa mwanangu wa pili, akija kwa baiskeli kutoka machimbo ya zamani, kule ambako hakuna basi lililofika tangu shirika livunjwe. Kabla ya kila somo nilifumba macho nikasali. Wenzangu walidhani naomba akili. Nilikuwa naomba macho ya kusoma faili langu.

Miezi saba baadaye nilisimama mbele ya dirisha la ofisi ya njia. Karani, mama mmoja asiyecheka bure, akanisomea kanuni kwamba kila mwenye basi ana haki ya kuona faili lake. Nikamwambia asinisomee, nitasoma mwenyewe. Akanitazama, akanipa.

Barua ya kwanza niliyoisoma mwenyewe maishani mwangu ndiyo iliyoniua.

Niliipita kwa kidole, neno kwa neno. Mwalimu alitufundisha kwamba barua huanza kwenye salamu, basi nami nikaanza hapo, *Ndugu Mkuu wa Ofisi*. Tarakimu za pale juu pembeni nikaziruka. Tarakimu nilizijua tangu udereva, hazikuwa na utamu. Nilikuwa na njaa ya maneno.

Maneno yalisema kwamba dereva wa basi Subira ana nia ya kuacha safari zake zote za Jumamosi bila kuitaarifu ofisi, ili abebe watu kwenda mazikoni. Mwandishi akaomba mkaguzi atumwe kituoni ajionee. Chini kulikuwa na jina la shemeji, sahihi na kila kitu.

Kwa hiyo mkono wa yule aliyelia begani kwangu ndio ulioandika.

Karani alinitolea nakala kwa mashine. Nikaikunja, nikaiweka ndani ya kitabu changu cha sala. Nadhani niliisoma mara thelathini, na kila mara nilianzia kwenye salamu.

Mke wangu sikumwonyesha. Nilijiambia namhurumia, amempoteza mama, nisimpotezee na kaka. Lakini hapa naungama, basi niseme kweli. Sikumhurumia mtu. Kisasi nilikitaka chote, sikutaka kumgawia mwingine hata kipande.

Nikafunga siku tatu. Najua watu wa Mungu hawaombi hivi, ila mimi niliomba. Sikuomba shemeji afe. Niliomba aishi, tena aishi sana, mwenye afya na macho mazuri, ili aone.

Siku ya tatu, nikiwa nimepiga magoti, njia ikanijia. Kama ilitoka juu au chini, mpaka leo sijui.

Niliwaza hivi. Ratiba yoyote mpya hubandikwa kwenye ubao wa ofisi mwezi mzima. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, dirisha linafungwa. Kabla ya hapo unaweza kuondoa ratiba yako kwa kujaza fomu. Likishafungwa, umefungwa nalo. Basi uliloliandika litakwenda njia hiyo miezi mitatu, lijae au liende na upepo.

Na shemeji, kila Jumatatu, husimama mbele ya ubao ule kutafuta jina langu. Akiliona, anatoa dakika tano, anaandikisha.

Basi nikamtegea.

Niliandikisha Subira njia ya machimbo, safari nane kwa siku. Nane! Kule kuna nyumba zisizofika mia na mbuzi wasiolipa nauli. Kisha jioni nikamwambia mke wangu kwa sauti ya chini, kama mtu anayegawa siri ya nchi, kwamba machimbo yanafunguliwa tena, kampuni kubwa inakuja, wafanyakazi mia sita, zamu nne. Nikamsihi asimwambie mtu.

Nilijua atamwambia kaka yake. Si mmbeya mke wangu. Anatupenda wote wawili, na mtu wa namna hiyo huwa hana mlango. Nikamtumia mama watoto kama bomba, nikapitisha uongo wangu ndani yake. Mungu anisamehe, usiku ule nililala vizuri.

Jumapili shemeji alikuja kunywa chai. Alikuwa na kijiti cha meno mdomoni, kama kawaida yake, akikihamisha kushoto na kulia anapowaza.

"Shemeji, nasikia siku hizi unataka kubeba mawe," akasema.

"Mawe hayapandi basi."

"Na wachimba mawe?"

Nikajifanya nimekasirika. Nikamwambia aniache angalau njia moja, ana mji mzima, anifuate mpaka kwenye vumbi la machimbo kwa nini?

Akacheka mpaka kijiti kikamtoka. "Mimi sijawahi kukufuata, shemeji. Muulize yeyote. Mimi hutangulia tu."

Mke wangu akamwambia kaka yake aache utani, akamwongezea chai. Nami nikainamisha kichwa ili asione uso wangu.

Jumatatu nilipita ofisini. Chini ya ratiba yangu ilikuwa imebandikwa yake. Safari nane, dakika tano mbele. Na basi aliloliandika lilikuwa lile la njia ya hospitali, kwa sababu la pili halikuwa na nguvu za kupanda mlima. Maana yake, dirisha likifungwa tu, njia ya hospitali inabaki wazi kwa wa kwanza kuiomba. Mimi fomu ya kuiomba nilikuwa nimeshaijaza, naitembeza mfukoni kama hirizi.

Kilichobaki kilikuwa kimoja. Ijumaa ya mwisho, zikibaki dakika chache, niende niondoe ratiba yangu ya machimbo, nimwache shemeji peke yake na mbuzi.

Lakini kisasi hakitembei peke yake. Jioni ile mwalimu aliingia darasani anang'aa, akasema kuna mwenzetu amefanya jambo. Akanisimamisha. Akaeleza kwamba watu wa kwao wameona tangazo, wamekata vichaka barabarani, wamejenga kibanda cha kituo kwa mabati ya zamani. Wanawake wajawazito kule hubebwa kwa mkokoteni mpaka barabara kuu. Darasa zima likanipigia makofi.

Nilitamani ardhi inimeze. Kisha nikajijibu haraka, kama mwanafunzi aliyekariri. Basi watalipata tu. Si langu, la shemeji. Miezi mitatu atawabeba bila kupenda. Nikaona kwamba Mungu ameniunganishia mambo, adhabu ya mmoja ikawa riziki ya wengine. Mtu akitaka kisasi hakosi andiko.

Sasa nifike kwenye ujinga wangu.

Niliogopa dirisha lile. Niliogopa mkono utetemeke, nikosee herufi mbele ya karani, fomu ikataliwe, muda uishe. Kwa hiyo nikafanya kama tulivyofundishwa kufanya na kila kigumu. Nikachukua daftari langu la shule, nikajizoeza.

*Mimi mmiliki wa basi Subira naondoa kwa hiari yangu ratiba ya njia ya machimbo.*

Niliandika mstari huo ukurasa mzima, kisha wa pili. Kufikia wa tatu mwandiko ulikuwa umetulia, nikajisikia fahari. Nikaliweka daftari chini ya mto, nikatoka na basi kwenye safari zangu mbili za sokoni, ndizo pekee nilizokuwa nimebakiziwa.

Ijumaa nilifika ofisini saa nane na dakika arobaini. Nilikuwa nimesali njia nzima. Kwenye benchi la kusubiria alikuwa amekaa mwalimu wangu, na karatasi kubwa imekunjwa mapajani. Akanisalimu kwa furaha. Nikaitikia bila kumtazama, nikaenda dirishani, nikaomba fomu ya kuondoa ratiba.

Karani akainua kichwa. "Na wewe? Leo kumekucha kwa kuondoa."

Nikamuuliza nani mwingine ameondoa.

"Shemeji yako. Saa nne asubuhi. Ameondoa ya machimbo, amebaki na yake ya hospitali. Alikuwa anacheka mwenyewe."

 Nikashika ukingo wa dirisha.

Mwalimu alikuwa ameshasimama nyuma yangu. Akakunjua karatasi yake mbele ya karani, akasema wameileta kuunga mkono njia mpya. Ilikuwa imejaa alama za vidole gumba, safu kwa safu, wino wa zambarau. Watu sitini na kitu wasiojua kuandika. Niliziangalia alama zile nikakikumbuka kidole changu mwenyewe, kilivyokuwa kikitia sahihi vitu nisivyovijua.

"Unaondoa au unaacha, mzee?" karani akauliza. "Saa tisa mimi nafunga."

Nikianza kuandika, watu wale wanabaki na mkokoteni wao. Nisipoandika, Subira inakwenda machimboni mara nane kwa siku, miezi mitatu, na mimi nimekwisha. Nikachukua kalamu. Ndiyo, niliichukua. Nimesema naungama.

Nilikuwa nimeandika *Mimi mmiliki* tu, mlango ukafunguliwa. Shemeji akaingia na kijiti chake. Nyuma yake mke wangu, amekumbatia daftari langu la shule.

"Shemeji," akasema Dakika Tano, "dada ananiambia siku hizi una mwandiko mzuri."

Mke wangu akanijia mbio. Alikuwa na machozi. Alieleza harakaharaka kwamba alilikuta daftari alipokuwa anatandika kitanda, akasoma, akaona nimekata tamaa, nataka kuacha na njia hii moja niliyoipata. Angefanya nini? Alikimbia kwa kaka yake kumwomba anisaidie. Na kaka amekuwa mwema, amekubali kuondoa ratiba yake ili njia ya machimbo iwe yangu peke yangu.

"Umwambie ahsante, baba watoto. Amekuachia wafanyakazi mia sita."

Bomba lilelile. Nilipitisha uongo kwenda, ukarudi ukweli.

Shemeji alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Alijua hakuna wafanyakazi mia sita. Alijua kila kitu. "Dada anakupenda, shemeji," akasema. "Kaa na njia yako. Mimi nishasogea."

Hapo ndipo nilipoiacha kalamu. Fomu ilikuwa mbele yangu na maneno mawili, nami sikuitaka tena. Sikutaka njia ya hospitali wala ya machimbo. Nilitaka uso ule uache kutabasamu, tena mbele ya dada yake. Nikafungua kitabu cha sala, nikatoa barua.

Mke wangu akauliza hiyo karatasi ni ya nini.

"Soma," nikamwambia.

Tabasamu la shemeji likapungua kidogo. "Mambo ya ofisi hayo, dada. Twende zetu."

Lakini dada alikuwa ameshaishika. Mke wangu alisoma shule miaka saba, tena shule ya mchana, si kama mimi. Anasoma kama wasomavyo wasomi, kuanzia juu kabisa, kuanzia kona. Nikaona macho yake yamesimama pale kwenye tarakimu, hayashuki. Nikadhani hajaanza. Kisha yakashuka mpaka kwenye jina, yakarudi tena kwenye kona.

"Mzee, dakika tano," akasema karani.

Mke wangu akaishusha barua.

"Kaka," mke wangu akasema polepole, "mama alifariki lini?"

Shemeji akakihamisha kijiti. "Swali gani hilo? Ijumaa alfajiri. Tarehe kumi na nne."

"Hapa umeandika kumi na mbili."

 Mara thelathini nilikuwa nimeisoma barua ile.

"Nitakuwa nimekosea tarehe," akasema shemeji. "Mtu ana msiba, atakumbuka tarehe?"

Karani alinyoosha shingo dirishani. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anafanya kazi yake tu. "Muhuri wetu wa kupokea uko hapo chini. Nao ni wa kumi na mbili."

Mwalimu aliyekuwa anakunja karatasi yake akaacha kuikunja.

"Tarehe kumi na mbili," mke wangu akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayehesabu mishono, "mama alikuwa amekaa kitandani. Nilimchana nywele mimi mwenyewe. Aliniambia Jumapili twende naye kusali. Kisha jioni wewe ukaja, ukasema daktari amebadilisha dawa, utakuwa unampa mwenyewe."

Shemeji akautazama mlango.

"Nani alikuambia kwamba Jumamosi tutakuwa tunazika?"

Nyuma yetu karani aliteremsha dirisha. Saa tisa. Fomu yangu ilibaki upande huu na maneno yake mawili, na Subira ikawa ya machimbo kwa miezi mitatu. Hakuna aliyegeuka kutazama.

Nilimtazama shemeji. Huo ndio uso niliouomba kwa siku tatu za kufunga, na ulikuwa umekuja kama nilivyouomba, hai, na macho yake yanaona. Mji mzima ulijua kwamba anatangulia dakika tano. Kwa mama yake alikuwa ametangulia siku mbili.

Kijiti kilikuwa kimeanguka sakafuni. Akakikanyaga, akarudi nyuma hatua moja kuelekea mlangoni.

Nilidhani mke wangu atamfuata. Hakumfuata. Alinigeukia mimi, ameinyanyua barua mbele ya macho yangu, pale ilipochakaa kwenye mikunjo kwa kufunguliwa mara nyingi.

"Na wewe," akasema, "hii umekaa nayo tangu lini?"